Saa za Wageni Zimekwisha

Jumapili, 8 Septemba

Kwa mjukuu wangu Chiriku,
Bweni la Wasichana, chumba cha mwisho karibu na ngazi.

Salamu ni nyingi, karatasi ni moja, kwa hiyo salimika upesi tuendelee. Mimi ni mzima, mzima kuliko vijana wote wa mtaa huu ukiwafunga pamoja kwa kamba.

Usiniulize kwa nini naandika na simu ninayo. Sina ugomvi na simu, ila watu wa siku hizi wamepoteza sauti, wanaongea kama nyuki ndani ya chupa. Masikio yangu hayana kasoro. Barua nzuri, haininong'onezi. Na herufi zangu ni kubwa kwa sababu sina cha kuficha.

Kile kitabu mlichonipa, Kanuni na Matarajio kwa Wakazi wa Mabweni, nakala ya mlezi, nimekisoma. Nilikianza siku basi lako lilipoondoka, nimekimaliza jana. Mama Sindano aliacha cherehani yake akaja kutaka kunisomea, nikamwambia wewe shona mashuka yako, mimi si kipofu. Nakwambia, aliyeandika kitabu hiki ni mtu wa geti. Wageni na saa zao, mlango na saa yake, jina kwenye daftari. Unafikiri mimi niliitwaje Kufuli? Geti la kiwanda cha mablanketi nimelikaa mpaka mbwa wa pale walikuwa wananisalimia kwa cheo. Nilimrudisha meneja mwenyewe kwa kukosa kitambulisho. Akaenda kwa miguu, akakileta, akanipa mkono. Muulize yeyote.

Siku ya kuondoka uliniomba ufunguo wa pili wa nyumba, nikakataa, ukanuna mpaka kituoni. Usinune. Mlango mmoja, ufunguo mmoja, mlinzi mmoja. Ufunguo wenye pacha huo ni mwaliko wa wezi. Ukija utabisha, nami nitafungua, kwani kazi yangu nyingine ni ipi?

Mwambie msimamizi wenu kwamba nimetia saini na dole gumba pia, vyote viwili, ili visibanduke. Nyama yake, mifupa yangu.

Babu yako aliyekulea,
Kufuli


Jumamosi, 14 Septemba

Babu, shikamoo.

Barua yako imefika. Mlinzi wa getini aliisoma bahasha kwa sauti, "chumba cha mwisho karibu na ngazi", wasichana wakacheka, lakini imefika.

Mimi sijambo. Nimepata marafiki wengi. Mwenzangu wa chumbani ni mpole sana, anavaa vile vya masikioni asubuhi mpaka usiku. Mpaka leo tumezungumza kuhusu swichi ya taa. Chumba kina vitanda viwili, meza mbili, kabati moja lenye mlango unaolia. Picha ya Bibi nilitaka kuitundika juu ya kitanda, lakini misumari imekatazwa, kwa hiyo nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Kila jirani akibamiza mlango wake, Bibi anaanguka kifudifudi. Namwinua, naomba radhi.

Milango yote ya korido inafungwa, Babu. Mchana pia. Hakuna kanuni inayokataza watu kuongea, lakini naona hiyo ndiyo wanayoitii kuliko zote. Ulikuwa unaniambia, "Chiriku, punguza, mate yatakwisha." Sasa ungenisikia ungesema nimebadilishwa njiani.

Haya, naacha. Vaa sweta jioni. Na kile kikohozi?

Mjukuu wako,
Chiriku


Jumapili, 22 Septemba

Chiriku,

Kikohozi kipi? Kile kilikuwa vumbi.

Nimesoma habari ya marafiki wengi, nimefurahi. Sasa sikiliza jambo nililoamua, na nikiamua unajua. Kama wewe unaishi kwa kanuni, na mimi nitaishi kwa kanuni hizo hizo. Sitakubali mjukuu wangu abanwe huko peke yake huku mimi nimekaa kama mfalme.

Nimekifumua kile kitabu ukurasa kwa ukurasa nikazibandika kurasa ukutani, sebuleni, zote. Nimetumia gundi ya unga, maana misumari imekatazwa. Mama Sindano akasema, "Mzee, nyumba ni yako, piga msumari." Nikamwambia kanuni haiulizi nyumba ni ya nani.

Basi hapa sasa ni hivi. Wageni wanaingia saa nne asubuhi, wanatoka saa kumi na mbili jioni. Kila mgeni anaandika jina, nimeweka daftari kwenye kiti karibu na mlango na penseli nimeifunga uzi isiibiwe. Kupika chumbani hakuna, nimelitoa jiko nje. Kelele hakuna, redio nimeizima. Na saa nne usiku mlango unakomewa, hata aje nani. Wale wazee wa drafti walikuja baada ya chakula cha jioni, kama desturi yao, na ubao wao kwapani. Nikawasomea kifungu. Mmoja akasema, "Kufuli, umekuwa bweni?" Nikamjibu, ndiyo. Hawajarudi. Wana aibu.

Ila nikwambie kitu. Saa nne nikikomea, najua na huko kwenu wanakomea saa hiyo hiyo. Inakuwa kama tumefunga mlango mmoja, wewe uko ndani na mimi niko ndani. Halafu nalala.

Geti la kiwanda lilikuwa hivi hivi. Yule meneja nilimrudisha, na mke wake garini.

Babu yako, msimamizi,
Kufuli


Jumatano, 2 Oktoba

Babu, shikamoo.

Mara ya kwanza meneja alikwenda kwa miguu. Sasa ana gari na mke. Barua ya tatu naomba apate watoto.

Nilicheka peke yangu kwenye ngazi, mwenzangu akatoa kidude kimoja sikioni akaniuliza, "Vipi?" Hilo ndilo neno lake refu wiki hii. Lakini Babu, nakuomba. Kanuni hizi zimetungwa kwa sababu tuko wengi humu na hatujuani. Wewe uko mmoja, na mtaa mzima unakujua. Waruhusu wazee waingie na drafti yao. Washa redio. Jiko lirudishe ndani, mvua zinakuja.

Nitasema ukweli kidogo. Ile habari ya kukomea saa nne imenishika. Sasa usiku mlinzi akivuta geti na mnyororo ukilia, nasema kimoyomoyo, "Lala salama, Kufuli." Halafu namwinua Bibi kwenye chupa, nazima taa. Hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo najisikia niko na mtu.

Lakini mchana fungua mlango.

Chiriku


Jumapili, 13 Oktoba

Chiriku,

Mchana niko wazi kuanzia saa nne, kama ilivyoandikwa. Si kosa langu watu hawajui saa.

Nina mafua madogo, ya puani tu. Kitabu kinasema mkazi anayeumwa amjulishe msimamizi. Hapa msimamizi ni mimi, kwa hiyo nilijijulisha nikajipa mapumziko. Unaona kanuni zinavyorahisisha?

Mama Sindano tumekosana. Alikuja na bakuli la supu saa moja usiku, anapiga hodi kama anadai kodi. Nikamwambia kupitia dirishani kwamba saa za wageni zimekwisha. Akasema, "Mimi mgeni? Mimi niliyemkanda marehemu mkeo miguu?" Nikamwambia basi ungekuja saa kumi na moja. Akaiweka supu kizingitini akaondoka bila kwaheri, na mpaka leo anapita mbele ya mlango wangu akitazama upande wa pili kama mlango huu umevuliwa nguo. Supu sikuigusa, aliinywa paka. Ilikuwa na pilipili manga na limao, alivyoramba huyo paka.

Soma. Usifikirie huku. Mimi ni chuma.

Kufuli


Alhamisi, 17 Oktoba

Chiriku mwanangu,

Simu yako haipatikani, nimeona nikuandikie, dereva wa basi la asubuhi ataiacha hii getini kwenu. Mimi na babu yako hatusemeshani, na sitaanza mimi. Lakini ukuta wetu ni mmoja na kikohozi nakisikia. Si cha juu, kinatoka chini kabisa. Juzi na jana hakutoka kufagia, na unajua ule ufagio kwake ni sala. Mimi hanifungulii. Pengine wewe atakufungulia.

Sikwambii uache masomo. Nakwambia ninachosikia ukutani.

Jirani yenu,
Mama Sindano


Jumatatu, 21 Oktoba

Chiriku,

Nimepona. Jana nimefagia uwanja mpaka barabarani. Niliugua kidogo, sasa naweza kusema kwa kuwa imepita: homa ilinilaza na mablanketi mawili, yale ya kiwandani, ya zamani, si haya ya siku hizi.

Lakini hata mgonjwa, Kufuli ni Kufuli. Jumamosi usiku nimeshakomea, mvua inapiga bati kama wanamwaga kokoto, nikasikia mlango: ngo, ngo, ngo. Nikauliza, nani? Kimya. Mwizi hajibu. Nikainuka na homa yangu, nikatoa ile sauti ya geti ambayo hujawahi kuisikia: SAA ZA WAGENI ZIMEKWISHA! HAPA HAINGII MTU! RUDI KESHO UANDIKE JINA! Akabisha tena, safari hii polepole, kama mtu aliyechoka. Hao wana mbinu, wanataka uwaonee huruma. Nikazima taa. Akasimama kidogo, halafu akaondoka.

Asubuhi nikakuta alama za viatu kwenye tope la kizingitini, vidogo. Siku hizi wanatuma watoto.

Nilitaka ujue kwamba babu yako halali kazini. Nilifurahi, nakwambia kweli. Tangu nistaafu hakuna aliyewahi kubisha usiku nikamrudisha. Nilihisi kama nimerudishiwa koti langu la kazi.

Mbona kimya? Wiki zote hizi sijapata barua.

Kufuli, mlinzi


Alhamisi, 24 Oktoba

Kwa Mlezi wa mkazi wa chumba cha mwisho, ghorofa ya pili.

Ndugu Mlezi,

YAH: MKAZI KUTOKUWEPO BWENINI BILA RUHUSA

Katika ukaguzi wa usiku wa Jumamosi, tarehe 19 Oktoba, mkazi uliyemdhamini hakukutwa chumbani, na jina lake halikuwa kwenye daftari la kutoka. Alirudi Jumapili mchana.

Alipoulizwa alisema alikwenda kwa babu yake aliyekuwa mgonjwa. Kanuni zinatambua dharura ya kifamilia, mradi mlezi aliyetia saini athibitishe kwa maandishi kwamba alimpokea mkazi usiku huo. Bila uthibitisho, mkazi atapoteza kitanda chake. Kwa sasa wapo wanafunzi wengi wanaosubiri nafasi, na ni vigumu kupata chumba nje kwa uwezo wa mwanafunzi. Wengi wanaopoteza kitanda huishia kuacha masomo.

Tafadhali jibu swali hili moja: je, usiku huo mkazi alilala kwako?

Msimamizi wa Bweni la Wasichana


Jumatatu, 28 Oktoba

Kwa Msimamizi,

Mheshimiwa, umeuliza vizuri nami nitakujibu vizuri, mtu wa geti kwa mtu wa geti.

Hakulala hapa. Hapa mlango unakomewa saa nne na haingii mtu, kwa kanuni zako mwenyewe, ziko ukutani, njoo uzione. Usiku huo huo wa Jumamosi nilikuwa macho, nilimfukuza mwizi, kwa hiyo nina uhakika kuliko mtu aliyekuwa amelala. Mjukuu wangu sikumwona hata ukucha. Kama amesema alikuwa kwangu, amesema uongo, na uongo huo hakuupata kwangu.

Miaka yote ya geti sijawahi kuandika kwamba nimemwona mtu ambaye sikumwona. Mkurugenzi wa kiwanda alikuja na magari mawili akitaka niandike alifika asubuhi wakati alifika adhuhuri. Nilikataa. Sitaanza kwa damu yangu.

Kanuni ni kanuni. Adhabu yake ni yake. Neno hapa nimelikata nikaliandika upya kwa sababu ya kalamu, kalamu hii ni mbovu.

Mlezi wake,
Kufuli
(na dole gumba)


Jumamosi, 2 Novemba

Babu, shikamoo.

Msimamizi ameniita ofisini akanionyesha barua yako. Niliijua kabla sijaisoma, zile herufi.

Umesema kweli. Usiku ule sikulala kwako.

Nimepewa mpaka katikati ya mwezi kutoa vitu vyangu. Mwenzangu ametoa vidude vyake masikioni vyote viwili, akakaa kitandani kwangu, akaniuliza nilikuwa wapi. Sikumwambia. Wewe pia usiniulize. Nafurahi umepona.

Picha ya Bibi nimeshaifunga kwenye nguo.

Chiriku


Jumatatu, 4 Novemba
(Imepitishwa chini ya mlango)

Mzee Kufuli,

Sikuandikii kwa sababu tumepatana. Nakuandikia kwa sababu mtoto ameniandikia kwamba anafukuzwa, akaniapisha nisikwambie. Nimeshona siku nzima na kiapo hicho, nimejichoma sindano mara ngapi. Kimenishinda.

Yule mwizi wako ni Chiriku.

Nilimwandikia kwamba unaumwa. Alipanda basi bila kuaga wala kuandika jina, tairi likapasuka njiani, akafika mvua inanyesha na wewe umeshakomea. Alibisha. Aliita, "Babu, ni mimi! Babu, Chiriku!" Mimi nilimsikia kutoka kitandani kwangu, na ukuta katikati. Wewe ukamwambia arudi kesho aandike jina. Nilipotoka na mwavuli nilimkuta ameweka kiganja kwenye mlango wako, haubishi tena, ameushika tu.

Alilala kwangu, kwenye mkeka. Alfajiri nikamwambia twende, mimi nitauvunja mlango huo. Akasema ngoja. Akakuona kupitia dirisha langu, umetoka na ufagio, unaupiga uwanja kama una kesi nao. Akasema, "Amepona. Niende zangu, Mama, nisikose basi. Na usimwambie. Akijua amemfungia nani, hatafungua tena kinywa."

Masikio yako yamekwisha, Mzee. Mtaa wote tunajua. Tulikuwa tunapaza sauti tu.

Mama Sindano


Jumanne, 5 Novemba

Kwa Msimamizi,

Naandika tena. Naomba barua ile ya kwanza uiweke chini na hii juu.

Uliuliza kama alilala kwangu. Hakulala. Hilo sitalibadilisha, ni kweli. Lakini hukuuliza kama alikuja. Alikuja. Alibisha mlango wangu na mimi nikiwa ndani, mzima wa miguu, ufunguo shingoni. Mwizi niliyekuandikia ndiye yeye. Aliniita jina na sikusikia. Nimewaambia watu kwa muda mrefu kwamba masikio yangu hayana kasoro. Yana kasoro.

Alilala kwa jirani, mshonaji wa mashuka, naye ametia saini hapa chini kwa mkono wake ingawa tumekosana.

Sijawahi kuomba mtu apitishwe geti. Waliniomba wengi, wengine wana watoto wagonjwa nyumbani, nikawaambia rudi kesho. Nilijisifu kwa hilo. Sasa mimi ndiye niko nje na ninakuomba. Usimwadhibu kwa kanuni ambayo niliivunja mimi, maana nilisema akija atabisha na nitamfungulia. Niliandika hivyo, barua anayo.

Kama lazima mtu atoke kitandani, mimi nina kitanda hapa, kichukueni.

Kufuli

Nami ni shahidi. Alilala kwangu, viatu vyake nilivikausha karibu na jiko. Mama Sindano.


Jumatatu, 11 Novemba

Ndugu Mlezi,

Barua yako ya pili nimeiweka juu, kama ulivyoomba, na ndivyo ilivyosomwa kikaoni.

Kikao kimekubali kwamba ilikuwa dharura ya kifamilia. Mkazi amepewa onyo la maandishi kwa kutoka bila kuandika jina, na kitanda chake anabaki nacho. Hakujitetea kwa neno hata moja. Nimewahi kusimamia wanaosema sana, huyu amenishinda.

Jambo moja, nje ya kazi. Uliniandikia kwamba kanuni zangu zinasema mlango ukikomewa haingii mtu. Hazisemi hivyo. Tazama upande wa pili wa ukurasa wa mwisho. Nilikiandika kifungu kile mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza hapa, baada ya msichana mmoja kukaa nje mpaka asubuhi kwa kuniogopa. Ninalala chumba cha chini, pembeni ya geti, kwa ajili ya kifungu hicho. Wengi hawakisomi, na usiku hakuna anayebisha.

Msimamizi wa Bweni la Wasichana


Jumapili, 17 Novemba

Chiriku wangu,

Salamu fupi, mkono una kazi.

Nilipopata barua ya msimamizi nilisimama mbele ya ukuta. Upande wa pili wa ukurasa wa mwisho! Mimi nilijua karatasi ina pande mbili, sikuwa mjinga, ila kurasa nyingine zote nyuma ni tupu, na nyuma ya huu niliona kama wino umevuja tu, nikasema hawa wamechapisha vibaya. Halafu nikaubandika. Na gundi yangu unaijua, haitoki. Nimeuloweka na maji ya moto na kitambaa, nikaubandua polepole kama bandeji kwenye kidonda. Umechanika pembeni lakini umesomeka. Nimeunakili hapa, usiseme nimeongeza chumvi:

"Mkazi akifika baada ya mlango kukomewa, afunguliwe kwanza. Maswali ni baadaye."

Nimeusoma mara nyingi. Nilimwita Mama Sindano ausome kwa sauti, nikamwambia apaze, akapaza mpaka paka akakimbia. Amekaa mpaka usiku. Supu ile niliinywa mimi, nimemwambia. Akasema, "Nilijua, paka hapendi limao."

Wazee wa drafti nimewafuata mwenyewe. Wamenicheka sana, nimevumilia. Yule mmoja aliuliza tena kama mimi ni bweni. Na kwa kuwa leo nasema, niseme yote. Yule meneja alikuwa karani wa stoo. Alikuwa na kitambulisho, ila alikishika juu chini. Hakunipa mkono.

Sasa hili la usiku ule. Nimejaribu kuliandika tangu wiki iliyopita, nimechana karatasi. Nilikwambia kwamba nilifurahi. Hilo ndilo linaloniamsha. Wewe umeshika mlango kwa nje na mimi ndani nafurahi. Mama Sindano anasema umelisamehe zamani. Pengine. Lakini mlango ule nikiupita nautazama mahali ulipoweka kiganja, nami naweka changu, upande wa ndani. Hatufikiani, mbao ni nene. Niliichagua mwenyewe, mbao ile, nikamlipa seremala zaidi.

Daftari la wageni nimelitoa kwenye kiti. Lina jina la Mama Sindano peke yake, na alilichora kwa dhihaka na maua pembeni. Penseli nimeitumia kuandika hii. Kiti nimekirudisha mezani, mahali pako. Picha ya Bibi ukiirudisha kwenye chupa, mwambie nimesema shikamoo, ingawa mimi ni mkubwa.

Jana nilikwenda kwa fundi wa funguo. Kijana mjuaji, ananiuliza kwa sauti kubwa, maana naona hata yeye ameshaambiwa, "Mzee, unatoa pacha? Wa mpangaji au wa mgeni?" Nikamwambia hapana, neno lake limeandikwa juu ya jalada la kile kitabu na mimi nikalipita. Wa mkazi.

Uko ndani ya bahasha hii, umefungwa kwenye karatasi usitoboe. Uvae shingoni. Saa nne bado nakomea, kwa sababu najua na huko wanakomea, na ile saa siwezi kuiacha. Lakini komeo la juu nimeling'oa. Limebaki tundu la ufunguo wako.

Ukija, usibishe.

Babu yako